Kisomo cha Pawatila

Nilitoka Likawage juu ya lori la ufuta. Masika yalikuwa yamekwisha kwa kalenda, lakini barabara haikuwa na habari hiyo, na kabla ya kufika Njinjo lori likazama mpaka kwenye ekseli. Tukalala palepale, abiria na magunia, utingo akitutukana kana kwamba sisi ndio tope. Asubuhi tukakata matawi, tukayalaza chini ya matairi, tukasukuma. Likatoka, likazama tena mbele kidogo. Nangurukuru nilifika nikiwa na ufuta masikioni na ndani ya soksi. Hapo nikapata basi la kusini, tukapita Kiranjeranje, tukapita Mchinga, na nilipoiona ghuba ya Lindi nikajisemea kwamba huu ndio mji wangu wa mwisho. Maneno hayohayo nilikuwa nimeyasema Tunduru, Masasi na Mtwara.

Nilikuwa nimevuka arobaini. Nyumbani nilikuwa nimerudi kulima ufuta msimu mmoja, nikaona msimu mmoja unatosha. Kilichonileta Lindi kilikuwa kiti. Nilipokuwa Tunduru kwenye machimbo ya mawe ya vito niliona dunia ilivyopangwa: mchimbaji anasimama, dalali anachuchumaa, mkalimani anakaa kwenye kiti kando ya Mthai mnunuzi, anakunywa chai ya Mthai, na jiwe likiwekwa mezani yeye peke yake ndiye anayejua limesemwaje. Sasa habari zilikuwa zimefika hadi Likawage kwamba Mthai mmoja mzee, niliyemjua kwa sura tangu Tunduru, anafungua ofisi Lindi msimu wa korosho, na mkalimani wake amevuka Ruvuma kufuata mawe mekundu na hana mpango wa kurudi. Kiti kilikuwa wazi. Nilikitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kutaka mke.

Na Lindi, nikaambiwa, yuko mtu anayefundisha Kithai.

Jina lake silitaji. Hata pale mjini hakuna aliyelitumia; alikuwa Mwalimu, hata kwa waliomdharau, nami niliishia kuwa kiongozi wao. Alikaa Mikumbi, nyumba yenye baraza pana na mikeka iliyokwisha katikati kwa kukaliwa. Asubuhi na jioni alifundisha watoto Kurani. Saa nane mchana, jua linapowalaza hata mbuzi, alifundisha watu wazima Kithai, juu ya mikeka ileile, kwa fimbo ileile ya mpera.

Alikuwa mrefu na mkavu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, kanzu imefuliwa mpaka unaona fulana. Alipenda kunusa mafuta ya karafuu kabla ya kusema jambo kubwa, na kwake hakukuwa na jambo dogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umesoma chuo?"

"Nimesoma Kurani chuoni kwetu Likawage. Na sekondari nimemaliza, kidato cha nne."

"Sekondari sikukuuliza. Unataka kusoma Kithai au kusema Kithai?"

"Vyote, Mwalimu. Ila Mthai anakuja na korosho, naona nianze na kusema."

Alinitazama kama nimetema mate mkekani. "Kasuku naye anasema. Kasuku gani umemwona kapewa kiti?"

Siku ile nilikuwa nimefuatana na Deo, Mmakonde kutoka juu Newala, dereva wa bodaboda niliyepanga naye chumba. Yeye naye alikuwa anakipigia hesabu kiti kilekile na hakunificha. Deo ni Mkristo, chuo hajawahi kukikanyaga, na kwa hiyo alikuwa na ujasiri wa mtu asiyejua fimbo inatokea upande gani.

"Mwalimu, samahani, naomba kuuliza. Mtoto akizaliwa anaanza kusoma au anaanza kusema?"

"Anaanza kunya," akasema Mwalimu. "Na wewe uanze hapo?"

Baraza zima likacheka, mimi nikiwa wa kwanza. Hivyo ndivyo nilivyochagua. Nilimwona Deo mshamba na Mwalimu mtu wa elimu, na mimi, pamoja na cheti changu kilicholiwa na mchwa pembeni, nikajiweka upande wa elimu.

Deo alivumilia wiki moja. "Braza Likawage," akaniambia, maana jina la kwetu ndilo lililogeuka kuwa langu, "hapa nitafika mbinguni kabla sijafika kwa Mthai." Akarudi kijiweni kwake, akawa anakaa juu ya pikipiki anaangalia kwenye simu video za mama mmoja wa Kithai anayekaanga samaki, anarudia kila anachosema yule mama. Abiria walidhani amechanganyikiwa. Tulipita pale, sisi wasomi, tukamcheka.

Namna ya Mwalimu kufundisha yeyote aliyelelewa pwani ataitambua. Chuoni kwetu mtoto haanzi na maana. Anaanza na alifu, na be, na te, anakariri huku anayumba, anaunganisha, anasoma, anahitimu, wazazi wanapika ubwabwa, na maana Mungu akipenda itamfuata ukubwani. Sikuwahi kuona ubaya wa jambo hilo na sasa pia siuoni. Mwalimu alichofanya ni kulichukua lilivyo, na mkeka wake na fimbo yake, akalihamishia kwenye lugha ya watu wanaouza mawe. Tulikaa mistari miwili, madalali wenye vipara, mvuvi mmoja wa pweza, mimi, tukiyumba mbele na nyuma: ko kai, kho khai, kho khuat. Herufi za Kithai ni arobaini na nne, na kila moja ina kitu chake cha kuishikia: kuku, yai, chupa, nyati, kengele, nyoka. Ukikosea, fimbo vidoleni. Nimepigwa na watu wengi maishani, lakini kupigwa ukiwa na mvi kwa sababu umesahau herufi ya nyoka ni udhalili wa aina yake.

Miezi ikapita, nikawa na duka zima la kijijini kichwani, kuku, mayai, chupa, kengele, na siwezi kuuliza bei ya kitu chochote.

Baada ya herufi kilikuja kitabu. Mwalimu alikuwa nacho kimoja tu, nacho kilikuwa maelekezo ya pawatila. Mradi fulani wa mpunga uliwahi kuleta kutoka Thailand kale katrekta ka kuendesha kwa mikono, kenyewe kakafa na kuuzwa skrepa, kitabu kikabaki. Hakuna aliyedanganywa, picha zilikuwemo, mtu anavuta kamba, tone la mafuta, mkanda unaozunguka. Mwalimu alikuwa amekigawa mafungu na kuyapa majina kufuatana na picha: Fungu la Kamba, Fungu la Mafuta, Fungu la Mkanda. Tuliyasoma kwa mahadhi. Alikuwa na sauti, hilo simnyimi. Akianza Fungu la Mafuta, wanawake waliotoka sokoni na ndoo zao walisimama kusikiliza.

Waandishi wa Kithai hawaachi nafasi kati ya neno na neno. Mstari unakwenda kama siafu. Asiyejua maneno hajui neno linaishia wapi, na sisi hatukujua, kwa hiyo tulivuta pumzi pale Mwalimu alipovuta, na Mwalimu alivuta pumzi pale mahadhi yalipompendeza.

Siku moja nilithubutu. "Mwalimu, huu mstari unasemaje?"

"Unasema usomwe."

"Namaanisha maana yake."

Akanusa karafuu. "Ulimi ni punda, herufi ni hatamu. Wewe unataka kupanda punda bila hatamu, akutupe wapi? Soma."

Nikasoma. Lakini tangu siku ile jambo moja lilinikera bila kukoma. Anayesoma Kurani bila kujua maana ana thawabu zake. Anayesoma namna ya kubadilisha mkanda wa pawatila bila kujua maana ana nini?

Misemo yake ilikuwa mingi na yote ilikuwa dhidi ya mdomo. Mdomo ni mlango usio na komeo. Aliyeanza kwa kusema atamaliza kwa kuomba radhi. Maneno ya mtaani yananuka mtaa. Na msemaji wa yote hayo alikuwa ndiye mwenye mdomo kuliko wote Mikumbi. Kwa Kiswahili hakuwa na kituo. Alibishana na wauza samaki juu ya samaki, na mafundi juu ya ufundi, na wajawazito juu ya mimba. Mtu akiumwa mtaani Mwalimu alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na katikati hakunyamaza. Lakini Kithai, lugha aliyokuwa mwalimu wake, hakuna aliyewahi kumsikia akisema hata neno la kuomba maji. Alikisoma tu.

Ubahili hakuwa nao, nalo niliseme. Hakumfukuza mtu. Ada yake ilikuwa kuni, kama chuoni, na mvuvi alimletea pweza mkavu. Ukikosa kuni alikutukana, kisha akakupa chai.

Kuhusu alikojifunza, alikuwa na neno moja: "Kule." Kule wanasoma hivi. Kule hawana mchezo. Halafu anatazama juu ya paa la jirani, na sisi tunajaza wenyewe meli, bandari na miaka. Uongo hakusema. Alituachia sisi tuuseme.

Mkewe ndiye aliyenifumbua macho. Nilikuwa nampasulia kuni uani, nikamwuliza bibi mumewe alikaa kule miaka mingapi.

"Kule wapi?" akasema bibi. "Kule Mtama?"

"Thailand, mama."

Akaweka chini mwiko apate nafasi ya kucheka. "Mume wangu? Mbali alikofika ni Mafia, na alitapika njia nzima."

Akanieleza. Zamani walikuja wageni wa tabligh, wahubiri wanaotembea misikitini, na mmoja wao alikuwa Mthai, maana kusini mwa nchi yao wako Waislamu. Homa ikamwangusha, wenzake wakaendelea, yeye akalala katika nyumba ile masika yote. Kiswahili hana, Mwalimu Kithai hana, Kiarabu wote wawili wanakisoma tu. Basi walikaa barazani wakasomeana Kurani, na ilipochosha sauti, mgeni akachukua chaki akaanza kumwandikia herufi za kwao. Alipopona akaondoka.

"Na hawakuambiana kitu?"

"Nilikuwa nampelekea uji. Akishiba anaweka mkono kifuani. Basi. Siku ya kuondoka walilia wote wawili kama wanawake. Mwalimu husema hajapata rafiki kama yule."

Mtu mwingine angeguswa. Mimi nilihesabu miezi niliyopoteza. Mtu amelala nyumba moja na Mthai masika yote na hakumwuliza uji unaitwaje!

Kwa nini sikuondoka siku hiyohiyo? Kwa sababu tulikuwa karibu na kuhitimu, na mtu aliyekwisha kupigwa vidoleni kiasi kile hataki kuondoka bila ubwabwa. Tulihitimu. Mwalimu alituvalisha kanzu, akatuzungusha mtaa mzima tukighani Fungu la Kamba, akina mama wakapiga vigelegele, na Deo akapita na pikipiki yake polepole kando yetu, abiria nyuma.

"Hongereni!" akapaza sauti. "Hilo mnaloimba linasemaje?"

"Vuta kamba!" akajibu mvuvi wa pweza, aliyekuwa amebuni kutokana na picha.

"Vuteni, wazee! Vuteni, litawaka tu!"

Korosho zikaja, na Mthai akaja nazo. Alipanga nyumba karibu na soko la samaki, akaweka meza, mizani, taa, na viti viwili. Nikaenda kumwita Mwalimu anisindikize, mwalimu na mwanafunzi wake. Nikamkuta amejifunika blanketi, mchana, Lindi, joto la kuivisha embe.

"Homa," akasema ukutani.

Mkewe akanitazama mimi, akatazama dari. Baadaye nilijua kwamba ile homa mtaa wote unaifahamu. Mthai yeyote akitia mguu Lindi, Mwalimu anaumwa mpaka aondoke.

Nikaenda peke yangu, nikamkuta Deo amekwisha fika. Yule mzee wa Kithai alikuwa mfupi, amevaa kaptula na kandambili, hirizi yake shingoni. Akanikaribisha kwa mkono, akasema jambo. Sauti niliisikia vizuri. Nikatafuta la kusoma. Pembeni palikuwa na gunia la mchele wao lenye maandishi, nikalisimamia, nikalisoma toka juu hadi chini, kwa mahadhi, maana bila mahadhi sikujua kusoma. Akasikiliza kwa adabu mpaka nilipofika kwenye kilo. Kisha akaniuliza kitu, akangoja. Akaendelea kungoja. Nakumbuka nzi wa soko la samaki, na jinsi kila mmoja wao alivyokuwa na la kusema.

Deo akasogea, akakuna shingo, akasema: "Kin khau rue yang?"

Ni kuuliza, umeshakula? Kwao ndiyo salamu, kama sisi tunavyouliza umeshindaje. Deo aliisema kwa lafudhi ya Newala na vumbi lake lote. Mzee akacheka mpaka hirizi ikaruka, akajibu, Deo akamjibu, akakosea, akasahihishwa, akarudia. Nilipoinua macho Deo alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

Hakunitupa. Aliniombea kazi ya kulinda, nikapewa benchi la getini. Lakini kabla ya kukalia benchi nilikwenda Mikumbi, na homa au si homa nikalifunua blanketi.

"Mwalimu, nimenyamaza mbele ya Mthai kama gogo!"

"Ulisoma?"

"Nilisoma gunia."

"Bila kosa?"

"Bila kosa."

"Basi aliyefeli ni yeye," akasema, akajifunika.

Tangu siku ile nikawa adui mwenye bidii. Kwenye vijiwe vya kahawa nilimwigiza, miwani, karafuu, pumzi katikati ya neno, watu wakimwaga kahawa kwa kicheko. "Ghani gunia, Likawage!" wananiambia, naghani gunia. Hata wanawe walicheka. Yeye akipita nilimwamkia kwa heshima zote, shikamoo Mwalimu, naye alinijibu marahaba, nadhani akiamini nitarudi kuanza Fungu la Mkanda.

Getini nilijifunza zaidi kuliko mkekani. Mzee alipiga simu kwao kila jioni, akizungumza kwa sauti ya mtoto, na neno moja lilijirudia mpaka nikamwuliza Deo.

"Mee? Mee ni mama. Bosi ana mama yake, bibi kizee hasa. Anamwuliza amekula nini."

Hivyo nilipata neno la Kithai lisilo la dukani.

Masika yaliyofuata yalikuwa ya balaa. Mvua ilikata barabara ya kaskazini, na mtandao nao ukawa wa kudokoa. Simu haziingii, ujumbe unaingia mmojammoja kama mgonjwa anayepiga hatua. Juu ya hayo yakaingia macho mekundu, yale yanayoambukiza mji mzima. Mimi mlinzi, mpokea mikono ya kila mtu, niliyapata mwanzo, na nikampa bosi. Tulikaa nyumba moja, yeye kitini na mimi benchini, kila mmoja na kitambaa kibichi usoni. Deo peke yake ndiye aliyesalimika.

Siku nne mzee hakuwa amempata mama yake. Siku hiyo simu ikalia mlio wa ujumbe, mrefu, kutoka kwa dada yake. Akaifungua, akaisogeza puani, akaisogeza mbali, machozi ya ugonjwa yakitiririka. Hakuona kitu. Akampa Deo. Deo akaigeuza huku na huku.

"Likawage, wewe unasoma huu mdudu."

Nikafungua jicho moja. Niliona ukungu wenye rangi ya nyama. "Sioni, Deo."

Mzee akasema jambo kwa haraka, na lile neno, mee, likiwemo. Deo akachukua funguo za pikipiki.

Siku hiyo Mwalimu hakuwa na homa. Hakuitwa kusema, aliitwa kusoma. Alikuja nyuma ya pikipiki katika mvua, amevaa kanzu ya Idi, akaingia, akaweka mkono kifuani mbele ya Mthai, akakaa kwenye kiti cha mkalimani. Akaipokea simu kwa mikono miwili. Jicho langu moja lilikuwa linafunguka kidogo pembeni, na kwa hilo nilimwona akinusa karafuu na kusafisha koo.

Akasoma. Sijawahi kumsikia akisoma vile. Alipanda, akashuka, akavuta herufi moja mpaka ikawa uzi, akapumua alipopenda. Mzee aliinamisha kichwa, kitambaa usoni, akisikiliza kwa nguvu, kama mtu anayetafuta senti iliyodondokea mchangani. Ilipokwisha akainua kidole: tena.

Mwalimu akatutazama sote. Uso wake ulikuwa wa bwana harusi.

Akaanza tena, polepole zaidi, akiongeza mahadhi. Katikati nikalisikia. Mee. Na Deo, aliyekuwa amesimama mlangoni akikamua maji shatini, akaacha kukamua. Mkono wa mzee ukaanguka gotini. Akatoa kitambaa, na macho yale yaliyovimba yakamwaga machozi mengine, na sauti ikamtoka ambayo haihitaji mkalimani.

"Subhanallah," akanong'ona Mwalimu. "Kimemwingia."

Naye akavuta pumzi, akaanza mara ya tatu.

"Basi, Mwalimu!" Deo akamnyang'anya simu. "Basi, baba yangu, basi!"

"Mwache alie, kijana. Hujawahi kuona mtu akilizwa na kisomo? Wewe huwezi kujua, hukupita chuoni."

Deo akamshika bega, akamtoa nje, akaja kwangu. "Mama yake amekufa," akaniambia sikioni. "Amekufa siku tatu zilizopita na wamekwisha mchoma kwa desturi yao. Umwambie wewe, ni mwalimu wako." Akarudi ndani kwa mzee.

Nilitembea na Mwalimu mpaka Mikumbi. Yaani yeye ndiye aliyenitembeza, akiniongoza kwa mkono, maana nilikuwa sioni madimbwi. Yale maneno nilikuwa nayo mdomoni. Kwa miezi yote ile nilikuwa natafuta jiwe la kumpiga mtu huyu, na sasa nimewekewa mkononi, zito na limechongoka.

"Umeona sasa?" alisema. "Yule kijana wako amesema naye msimu mzima. Amewahi kumliza? Mimi sikumwambia neno hata moja." Akanivusha mtaro. "Angalia hapo, pana shimo. Na wewe ungevumilia, Likawage, ungefika. Sauti unayo."

Tulipofika mlangoni kwake alimwita mkewe kwa sauti ya kusikika mtaa mzima aje asikie. Nikarudi kwa kupapasa ukuta.

Barabara ilipopitika mzee aliondoka kwenda kwao, na mezani hakuacha kitu. Deo akafuata madalali Ruangwa, na lugha yake bila mtu wa kumsemesha. Kile kiti tulikitoa nje tupate kufagia, na hakuna aliyekirudisha ndani. Mvua ikakinyea mpaka kalio likapasuka. Mimi nikafunga begi. Rafiki yangu wa zamani alikuwa amenitumia habari za mgodi upande wa Songea, na nilikwisha kuanza kuiona Songea kuwa mji wangu wa mwisho.

Bodaboda ilinipitisha Mikumbi kwenda stendi. Baraza ilikuwa imejaa, kuliko nilivyowahi kuiona, mikeka mipya, nyuso mpya, hata vijana wa kijiwe cha kahawa waliokuwa wakinitaka nighani gunia. Mwalimu alikuwa katikati.

"Nikasoma mara ya kwanza, akainua kidole. Nikasoma ya pili..." Akaniona. "Simamisha hapo! Huyu hapa, muulizeni huyu, alikuwepo! Likawage, shuka useme. Waambie Mthai alifanya nini."

Watu wote wakageuka. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wake, na yeye akinitazama kuliko wote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sema."

"Alilia," nikasema.

"Sana au kidogo?"

"Alilia mpaka akalala chini."

Mwalimu akafumba macho. "Mmesikia?" akawaambia. "Haya. Ko kai."

"Ko kai!" wakaitika wote, na dereva akatia gia.